Mwandamo wa Kioo

"Tuachie mwanga kidogo tu, bi Raya," msimamizi wa karafuu aliniomba kwenye redio. "Karafuu zimo majamvini, nusu kavu nusu mbichi, na mvua hiyo inakuja. Zikilowa leo tumekwisha."

Nilichungulia dirishani. Mvua ilikuwa inakuja kweli. Wingu lilikuwa limeshaifunika Mkoani na lilikuwa linapanda kaskazini taratibu. Kwa sisi tulioko juu, wingu la mvua ni kitu kizuri, jeupe, limetuna kama mto wa sufi. Huwezi kuamini kwamba chini yake kuna watu wanakimbia na majamvi vichwani.

"Leo Ramadhani ishirini na tisa," nikamwambia. "Jua halizami Pemba kabla Kioo hakijakunjwa. Ndiyo makubaliano, na wewe unayajua."

"Nayajua. Lakini wewe si umesoma nyota? Hebu niambie, mwezi leo upo?"

Hapo aliniweza. Mwezi haukuwepo. Mchana ule ule ulikuwa umepita kati ya dunia na jua, na siku ya namna hiyo mwezi huzama pamoja na jua, upande wetu ukiwa giza tupu. Lazima usogee, ujitenge na jua, ndipo ukingo wake mwembamba upate mwanga wa kuonekana na jicho la mtu. Hata ungempa tai darubini, jioni ile asingeona kitu. Nilikuwa nimekwisha piga hesabu asubuhi, nikazirudia kwa raha zangu tu, maana napenda hesabu zinazotoka sawa.

"Haupo," nikamwambia.

"Basi utakunja kwa ajili ya nani?"

Nikacheka. Nilikuwa nimefunga, kwa saa za nyumbani, ingawa msafiri ameruhusiwa kula na kapteni wangu alinishangaa kila siku. Nilikuwa na njaa, nina kiu, na nilimwonea huruma yule bwana na karafuu zake. Nikamwachia mwanga.

Kioo chenyewe, kwa asiyekijua, ni ngozi nyembamba inayong'aa, pana kutoka Mkoani mpaka karibu na Chake, iliyotandazwa angani juu sana ya kisiwa. Kazi yake ni kulikamata jua lililokwisha zama kwa watu wa chini na kuwarudishia wanaolihitaji: wanikaji karafuu, mashamba ya paneli, hospitali zenye umeme wa kubahatisha. Tunaoishi kwenye kituo nyuma yake ni wawili tu, ndani ya kuta zilizojazwa maji ya kutukinga na mnururisho, ile miale hatari ya huku. Muda tunaouchukua kuizunguka dunia, mtu wa chini anaweza kupika pilau, akala, akaosha vyombo na akaanza kuuliza usiku tutakula nini.

Na Kioo hakikunjwi kwa mkupuo mmoja. Kinakunjwa kuanzia ukingo wa chini kwenda juu, pole pole, kisichanike. Mwanga wa ardhini unakatika mara tu ukingo wa kwanza unapoinuka, lakini ngozi yenyewe inabaki angani muda mrefu inajikusanya.

Kapteni Nyangeta aliingia akanikuta ndiyo kwanza naanza. Yeye ni mtu wa Musoma, mama wa maneno machache, na hapo aliongeza moja kuliko kawaida yake.

"Raya. Pemba jua limeshazama. Hujakunja?"

"Ndiyo nakunja."

"Si leo ile siku yenu ya kutazama mwezi?"

"Mwezi haupo, kapteni. Nani atatafuta mwezi ambao haupo?"

Akainua mabega. "Wewe ndiye unayewajua watu wako."

Watu wangu! Mie niliyezaliwa Makangale, niliyekulia kwenye lile jiwe la pwani ambako kila ishirini na tisa kijiji kizima huenda kusimama kikatoa macho magharibi, hesabu ziseme zisemavyo. Redio ilikuwa ikitangaza wazi kwamba wataalamu wanasema mwezi hautaonekana, na baba anainuka anavaa kanzu, anasema, "Wataalamu wamesema yao, nasi twende tukatazame." Nilikuwa nayajua yote hayo. Nilikuwa nayajua kama jina langu, na sikuyakumbuka, kwa sababu siku hiyo mie ndiye niliyekuwa mtaalamu.

*

Nilikuwa nafuturu tende za pakiti Biubwa aliponipigia. Biubwa ni mdogo wangu, tumbo moja, na hajawahi kuongea na simu bila kupiga kelele, anaona kwa kuwa niko mbali lazima apaze sauti.

"Da Raya! Mwezi umeandama! Kesho Idd!"

"Umeonekana wapi?"

"Hapa hapa kwetu! Na nani kauona? Hebu nambie nani kauona! Baba! Baba yako Faki Hamad kauona mwezi, yeye na Kombo jirani. Wamechukuliwa na gari ya Baraza la Mwandamo, wakaapishwa mbele ya Sheikh Nassor, na redio ishatangaza. Majina yao yametajwa, da Raya, jina la baba limetajwa redioni!"

Nyuma yake nilisikia takbira na watoto wanapiga masufuria, na mtu anauliza kisu cha kuchinjia kiko wapi.

Naomba mnielewe baba yangu ni nani. Ni mshonaji kofia. Kofia za mkono, zile za vitundu vidogo vidogo ambavyo mtu huvitoboa na kuvizungushia uzi mpaka mgongo unakufa ganzi. Kisha mtoto wa jicho akamwingia macho yote mawili, akaweka sindano chini. Miaka akakaa barazani anawatambua watu kwa sauti. Alipokwisha pasuliwa na kuwekewa macho ya kutengenezwa, vijana wa Makangale wakampa jina: Macho ya Dukani. "Mzee Macho ya Dukani, hebu nitazame, mie nani?" Anacheka nao. Lakini nyumbani hacheki. Babu yetu alikuwa shahidi wa mwezi mara kadhaa katika uhai wake, watu walikuwa wakimngojea yeye aseme, na baba hakuwahi hata mara moja. Ukitaka kumwona anataka kitu mpaka anaona haya kukitaka, mwangalie jioni ya ishirini na tisa.

"Mwambie hongera," nikasema.

"Mwambie mwenyewe, atakupigia watu wakipungua. Jamani, mbona sauti yako hivyo? Hufurahi?"

"Nimefurahi. Nina njaa tu."

Niligeuka nikamkuta Nyangeta amesimama nyuma yangu. Kiswahili chake na chetu ni kimoja, alikuwa amesikia kila kitu. Alinyoosha mkono akaiwasha picha ya kamera ya mkiani, ile inayopiga Kioo kila dakika, akairudisha nyuma mpaka magharibi ya Pemba.

Pale kwenye picha palikuwa na uzi wa mwanga. Sehemu ya chini ya Kioo ilikuwa imekwisha kunjwa na kutiwa giza, na kilichobaki ni ukingo wa juu tu, umepinda, mwembamba, unang'aa kwa jua ambalo chini kule lilikuwa limezama. Nikaichukua ile nafasi nikaiwekea mstari mpaka kwenye jiwe la Makangale. Nilijua jibu kabla halijatoka. Kimo cha mkono mmoja juu ya upeo, magharibi, karibu na pale jua lilipoingilia, kinashuka.

Na mwanga wa Kioo kisiwani ulikuwa umekatika kitambo. Kwa hiyo walisimama pale wakasema: haya, wametukunjia, anga ni yetu. Wakatazama, na chochote walichokiona walikuwa na haki ya kukiamini. Makubaliano yale na Baraza yalisainiwa kwa ajili hiyo tu. Tena niliyeyaandika ni mie, kwa mkono wangu, nikajisifu kwamba sasa Shirika linalomiliki Kioo lina mtu anayejua mwandamo ni nini.

"Wanakula kesho," Nyangeta alisema.

"Wanakula kesho," nikajibu, "na kesho ni Ramadhani."

"Kosa lako au la Kioo?"

"Langu, kapteni. Langu mie."

Alikaa. "Sikiliza. Ukiripoti, chombo kijacho kinakushusha na hupandi tena. Unalijua hilo. Usiporipoti, mimi sitaripoti kwa niaba yako, lakini nikiulizwa sitadanganya. Alfajiri ya kwenu bado?"

"Bado."

"Basi una muda mpaka alfajiri."

Na hilo ndilo lililonimaliza. Ingekuwa wamekwisha kula, ningelia, ningetubu, yangepita. Lakini walikuwa bado wako upande wa pili wa kosa. Neno langu moja lingewazuia. Na neno hilo hilo lingemchukua baba yangu, aliyetajwa redioni, aliyeapa na mkono juu ya msahafu, likamtoa barazani mbele ya kisiwa kizima na kusema: huyu mzee aliona bati.

*

Alipiga mwenyewe. Nilimsikia anawaambia watu, "Ngojeni, ni mwanangu wa juu," na watu wakacheka, na akaenda nyuma ya nyumba kwenye tangi la maji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umepata habari?"

"Nimepata. Hongera."

"Ahsante. Ah, Raya, sijui nikwambieje. Nilikuwa sitazami hata, nilikuwa nimekata tamaa, wenzangu washaanza kurudi. Mara nikaona. Nikamshika Kombo mkono nikamwambia tazama hapo, hapo, juu ya lile wingu dogo. Akatazama akasema, naona! Mwembamba, Raya, mwembamba kama ukucha uliokatwa. Umekaa kidogo ukazama." Akavuta pumzi. "Wale vijana wa Macho ya Dukani, leo wamekuja kunibusu mkono."

Nilikuwa nimeushika ukuta kwa mikono miwili, ingawa huku hakuna pa kuangukia.

"Baba," nikasema, "pembe zake zilielekea wapi?"

"Pembe?"

"Za mwezi. Zilitazama juu au chini?"

Kimya. Huku kwetu kimya cha simu kina ucheleweshaji wake, unangoja sauti ipande, lakini kile hakikuwa cha masafa.

"Mbona waniuliza pembe?"

"Nakuuliza tu, baba."

"Chini," alisema. "Zilitazama chini."

Mwezi mchanga wa kwetu hutazama juu, kila mtoto anajua. Jua liko chini yake, linaumulika tumboni, na ncha mbili zinabaki zimeelekea mbinguni. Mwezi wa pembe chini, wakati jua limezama, haupo na hautakuwepo.

"Ulimwambia Sheikh Nassor?"

"Hakuniuliza pembe. Aliniuliza nimeona, nikaapa nimeona." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilijisemea labda macho haya ndiyo yanayogeuza. Daktari alinambia mwanzo yatanichezea. Mimi nikasema, ndiyo hayo, yamenichezea. Nilitaka uwe mwezi, mwanangu. Nilitaka mno."

Nikamsikia anagonga tangi kwa kidole.

"Raya. Wewe uko huko. Nambie, kile kilikuwa nini?"

Ningeweza kusema mwezi. Neno fupi, halina kazi. Angeshukuru, angerudi kwa watu wake, kesho angeswali Idd safu ya mbele na kanzu mpya, na kosa lingebaki kwangu na kwa Mungu wangu. Niliifikiria ile safu ya mbele. Nilimfikiria anavyotembea mtu aliyeheshimiwa siku moja katika maisha yake. Kisha nikafikiria kwamba ameniuliza mimi, katika watu wote, kwa sababu anaamini ninayoyaona.

"Kilikuwa Kioo, baba. Nilichelewa kukikunja."

Nikamsikia anakaa, labda juu ya ndoo. Barazani mtu aliita, "Mzee Faki! Shahidi wetu! Kahawa inapoa!"

"Ulifanya kusudi?"

"Hapana, wallahi! Nilijua mwezi hauwezi kuonekana leo. Nikaona hakuna atakayetazama."

"Hakuna atakayetazama," akarudia. "Na sisi tuliosimama juu ya jiwe macho yametutoka, sisi si watu?"

Nililia pale. Machozi ya huku hayashuki, yanakusanyika jichoni yakawa tone kubwa, mpaka ulifute kwa mkono. Nilimwomba radhi, nikamwomba tena, maneno yenyewe yakawa hayana maana.

"Nyamaza," alisema, si kwa ukali. "Nani mwengine anajua?"

"Kapteni wangu."

"Wakijua huko kazini?"

"Watanishusha. Na Baraza litavunja makubaliano, Pemba haitapewa tena mwanga."

"Karafuu zimo majamvini kisiwa kizima."

"Najua, baba."

"Basi usimwambie mtu. Nakuamuru mimi baba yako. Hii niachie."

Akakata.

*

Tangazo lilitoka kabla watu hawajalala vizuri, na daku wakaliwahi. Sauti ya Sheikh Nassor mwenyewe: kwamba mmoja wa mashahidi amerudi katika ushahidi wake kwa kuwa ameingiwa na shaka juu ya uoni wake, kwamba mwezi wa Shawwal hauthibiti kwa shahidi mmoja, kwamba kesho ni thelathini Ramadhani na kila mwenye uwezo afunge. Hakutaja jina. Hakuwa na haja ya kutaja, yalishatajwa yote mawili.

Biubwa alinipigia mchana na safari hii hakupiga kelele. Hilo lilinitisha zaidi.

"Watu washachinja," alisema. "Washapika. Biriani nzima ya Bi Hidaya imelala inachacha, na leo watu wanafunga wakiinusa. Kombo hasemi na baba, anasema amemfanya mwongo. Vijana wamekuja asubuhi wamepanga foleni nje, kila mmoja anashika kikombe anauliza, 'Mzee, hii ni nyota ya Zuhura au Mirihi?' Baba amekaa ndani. Adhuhuri hakwenda msikitini. Da Raya, tangu lini baba hakwenda msikitini?"

"Amesema nini?"

"Hasemi. Nimemuuliza kwani ulimuona nani mpaka ukabadilisha, anasema macho, macho. Mie siamini. Macho yake nimeyapima kwa uzi wa sindano juzi, yanaona kuliko yangu. Wewe uliongea naye nyuma ya tangi. Mlisemezana nini?"

Na hapo nilimdanganya mdogo wangu. Nilimwambia tuliongea hongera tu.

Nilipomaliza simu, Nyangeta alinisukumia pakiti ya maji kwa mazoea, akakumbuka nimefunga, akairudisha. "Amekufunika," alisema.

"Amenifunika."

"Na hewa huko ndani unaipata?"

Siipati. Ndivyo nilivyomwambia. Kila nilipopita dirishani, Pemba ilikuwa pale, ndogo, kijani, nami nikafikiria chumba kimoja Makangale ambamo mtu mzima amejifungia kwa aibu isiyo yake. Tumepita juu yake mara ya kwanza, tumezunguka dunia tukarudi, bado amekaa. Tumezunguka tena.

Nikamtafuta Sheikh Nassor. Si kazi rahisi kumpata siku kama hiyo, lakini ukisema unapiga kutoka Kioo, watu wanakimbia kumwita.

"Assalaam alaykum, sheikh. Mimi Raya, binti wa Faki Hamad."

"Waalaykum salaam, mwanangu. Nilikuwa nikikungojea."

"Unaningojea?"

"Baba yako hakuja kwangu na hadithi ya macho tu. Alikuja akaniambia kweli yote, kwa kuwa mtu haapi mara mbili uongo mbele ya msahafu uleule. Kisha akanishika miguu. Mtu mzima, Raya, kanishika miguu. Akanambia: sema ni shaka ya uoni wangu. Na si uongo, maana shaka alikuwa nayo, ya zile pembe. Akaongeza: mwanangu na karafuu za watu usivitaje. Nikakubali. Funga ya watu imesalimika, na aliyeumia ameridhia kuumia. Sasa wewe umekuja kunambia nini?"

"Nataka useme kweli yote redioni."

"Aa. Unajua kitakachofuata? Baraza haliwezi tena kuamini makubaliano. Mwanga utasimamishwa mpaka mtu mwengine aaminiwe. Mvua ipo. Wenye karafuu majamvini watakulaani."

"Najua."

"Basi nikuulize swali moja, na unijibu vizuri. Unataka isemwe kwa ajili ya baba yako, au kwa ajili ya usingizi wako?"

Nilitafuta jibu zuri. Naapa nililitafuta. Nilimwona baba ndani ya chumba, nikajiona mimi dirishani, nikawa sijui ni yupi kati yetu ninayetaka kumtoa. Kuna watu watakaokosa karafuu ili mimi nipumue, na kuna mtu mmoja anayezomewa ili wasizikose, na mie nimekaa juu yao wote nikiwa salama, nimevaa sare safi.

"Sijui, sheikh," nikasema. "Pengine yote mawili. Lakini waliodanganywa ni wao. Walipoona mwanga umekatika walituamini. Wakiendelea kutuamini kwa sababu baba yangu amekubali kuitwa kipofu, mwezi ujao nitawatazamaje?"

Akashusha pumzi. "Hilo ni jibu. Si zuri sana, lakini ni jibu. Andika kwa kazini kwako kwanza, wasilisikie kwangu. Nitatangaza baada ya alasiri."

Nikaandika. Nyangeta alisoma, akaweka sahihi yake chini ya yangu kama kapteni. Majibu ya Shirika yalikuja upesi kuliko nilivyowahi kuona Shirika likijibu jambo lolote: nikabidhi zamu, nijiandae kushuka na chombo kinachokuja. Na kuhusu Pemba, mwanga umesitishwa kuanzia jioni hii. Nikakikunja Kioo mwenyewe, kwa mara ya mwisho, mapema mno, mpaka ukingo wa mwisho. Wingu lilikuwa limefika Wete. Huko chini ya lile jeupe watu walikuwa wanakusanya majamvi, na safari hii nilijua vizuri ni akina nani.

*

Baba alipiga kabla ya futari. Hakungoja shikamoo yangu.

"Mimi nilikwambia nini?"

"Uliniambia ninyamaze, baba."

"Nikakuamuru."

"Ukaniamuru."

"Nimemshika mtu miguu kwa ajili yako! Mimi, Faki, nimeshika miguu! Nikakaa ndani nikasema wacha waseme, mwanangu yuko juu, hasikii, yuko kazini kwake, ametulia. Hilo ndilo lililonipa moyo wa kukaa. Nimekusitiri, Raya. Mtu akikusitiri, wewe unatoka hadharani unaivua sitara hiyo?" Sauti ilimkatika. Baba yangu analia kwa hasira tu, na alikuwa na hasira hasa. "Sasa Kombo amekuja kuniomba radhi, vijana wamekuja, wote wananionea huruma. Wanasema masikini mzee, kumbe ni binti yake. Unadhani hilo ni bora? Nilikuwa nimekuwa kipofu, haya. Sasa nimekuwa baba wa aliyetuchezea mwezi."

"Nisamehe, baba."

"Karafuu za Shaame zimelowa zote. Kapita hapa sasa hivi, hakunisalimu."

"Nisamehe."

"Kila kitu nisamehe! Ulikuwa wapi na hiyo nisamehe jana, mkono wako ulipokuwa juu ya kitufe?"

Nilimwacha aseme, na alisema, yote, ya jana na ya miaka, ya kuondoka kwangu na ya kujua kwangu kila kitu, na kila alichosema kilikuwa kweli. Nyangeta alitoka akafunga mlango. Alipochoka, nilisikia anapumua, na mbali nyuma yake mvua inapiga bati.

"Mbona hujitetei?" akauliza.

"Sina la kujitetea. Sikuweza kukaa ndani ya sitara yako na wewe ukazomewa nje. Ni hilo tu."

Nikamsikia anaburuta kiti, anakaa.

"Wanakushusha lini?"

"Chombo kinachokuja."

"Watakuzomea, Makangale hii. Usidhani kwa kuwa umesema kweli watakupigia vigelegele. Watoto wataimba. Wanawake wenye karafuu hawatakuitikia salamu."

"Najua, baba."

"Usiende kwa shangazi yako mjini. Usijifiche Chake. Ukishuka, njoo hapa hapa." Akakohoa, akaitafuta sauti yake. "Njoo uzomewe karibu yangu. Kiti kingine nitakitoa barazani."